Spika za Mzee Jashvant na Sindano za Asubuhi

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mvua ya kwanza ya maana imepiga mtaa wetu wa Nyasubi leo, na bati langu limekumbuka matundu yake yote. Nimetega karai, sufuria na kopo la rangi. Beseni jipya mke wangu Mageni kakataa lisiguswe. Haya, maji yatajijua.

Mambo mawili yameanza leo. La kwanza ni sindano. Kifua kikuu kimenirudia mara ya pili, na mara ya pili vidonge peke yake havitoshi, kwa hiyo kila asubuhi isipokuwa Jumapili, kwa miezi miwili, lazima nifike kituo cha afya nikamgeuzie Nesi Philomena kalio. Ujana wangu wote niligonga mawe kwenye maduara, yale mashimo ya Nyarugusu, nikitafuta dhahabu. Dhahabu waliondoka nayo wenzangu, vumbi nikaondoka nalo mimi.

La pili ni spika. Mzee Jashvant mwenye duka la vitambaa kazileta kwa mkokoteni, mbili, za Kiingereza, makasha ya mbao yanayonifika kiunoni. Baba yake aliziagiza mwaka 1968, zikashushwa kwenye treni pale Isaka. Zimekaa kimya stoo miaka mingi. Mzee ni Mhindi, lakini kazaliwa Mhunze kwa Wasukuma, Kisukuma chake kinanishinda mimi Mzinza, na hupenda kunichokoza nacho.

"Mwangaluka, fundi! Au Wazinza hamjui kusalimiwa?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Sitaki kelele, kelele ninazo dukani kutwa. Nataka sauti. Ile niliyokuwa naisikia baba akiwa hai."

Nikamwambia kaja penyewe. Sijisifu. Mafundi wa redio wamejaa Kahama hii, kila mmoja ana mita ya kupimia umeme na chuma cha kulehemu. Ila mita haisikii. Masikio yangu ndiyo yaliyonitoa shimoni, na ndiyo yanayotulisha mimi, Mageni na Sesilia wetu aliye bwenini. Kifua wakitibu, wasitibu, nitakohoa nikiwa kazini. Masikio hayana mbadala.

Jumatano, 5 Novemba

Nimezifungua. Panya walizalia humo, wakafuga na ukoo. Koni ya wufa, ile spika kubwa ya chini, bado nzima, namshukuru Mungu. Lakini ukingo wa sponji unaoishikilia umeoza, ukiugusa unabomoka kama ugali wa juzi. Sponji ya aina hiyo haipo Kahama, haipo Mwanza, labda ipo huko Ulaya wanakotengenezea.

Mimi natumia kitambaa cha mwavuli. Unakikata duara, unakipaka gundi ya pancha iliyolegezwa kwa petroli, mara tatu, nne, mpaka kinakuwa laini kama sikio la mbuzi. Nilijifundisha mwenyewe. Bujiku, fundi baiskeli wa kibanda cha jirani, anasema ndiyo maana spika zangu haziogopi mvua.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Sindano. Kalio la kulia limevimba, kesho zamu ya kushoto.

Jumatatu, 17 Novemba

Vita nyumbani. Nimekata mwavuli wa Mageni.

"Ulikuwa mbovu," nikamwambia.

"Mbovu wapi? Ulikuwa umevunjika kijiti kimoja! Nenda kawafunike Wahindi wako, mimi nilowe!"

Nikamwita aje kibandani kwangu asikilize. Nilikuwa nimemaliza kufunga wufa zote mbili, nikaweka santuri yangu ya dansi, ile ninayoijua kuliko jina la ukoo wangu. Eee bwana! Besi ilitoka sakafuni ikapanda kwenye miguu ya meza. Juu yake gitaa. Kidole cha mpigaji kinapoteleza kwenye waya kuhamia noti nyingine, kile kimkwaruzo kidogo, nilikisikia. Mwimbaji alivyomeza mate kabla ya ubeti wa pili, nilimsikia. Mageni alisahau mwavuli akasimama mlangoni na mwiko wake mkononi hadi wimbo ukaisha.

Nilifurahi leo. Niandike hivyo hivyo, nilifurahi sana.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua gani hii ambayo haina nyenje? Miaka yote mvua zikianza, jioni nyenje wanapiga kelele mpaka unatamani kuwarushia kiatu. Mwaka huu kimya. Nimemwambia Bujiku maji yamewazamisha wote.

"Wamezama?" akasema. "Jana nimelala na shuka kichwani kwa ajili yao. Au kwako wanaogopa kikohozi?"

Bujiku kwa utani hajambo.

Ijumaa, 28 Novemba

Twita ya kushoto imekufa. Hii ni ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba. Jana ilikuwa inalia vizuri, leo kimyaa, inasikika kama imefunikwa blanketi. Nimeipima kwa mita, mita inasema nzima. Nikaipima ya kulia, nayo vilevile: masikioni imekufa, kwa mita nzima. Nimempa mita kofi. Imeanza uongo uzeeni.

Jumatano, 3 Desemba

Basi la Mwanza limeniletea twita nyingine mbili, zimetolewa kwenye redio kubwa iliyoungua. Nimefunga. Zilezile! Dhaifu, zinanong'ona. Nikabadilisha kapasita inayoipelekea sauti. Bado. Nikaitoa kabisa rezista inayoituliza twita, nikaiacha ipokee nguvu zote bila breki. Hapo angalau nikaanza kusikia kitu. Si kama mwezi uliopita, lakini kitu.

Halafu hiki kizunguzungu. Nikisimama ghafla ardhi inahama. Leo nimepita mbele ya kibanda cha Bujiku nikiyumba, akapaza sauti mtaa mzima: "Fundi, saa nne hii asubuhi! Ungetungoja na sisi!" Watu wakacheka. Sijaonja pombe tangu Agosti.

Mageni naye kaanza mtindo wa kunong'ona. Anakuja nyuma yangu anazungumza chinichini, nikigeuka ananuna ati simjibu. Mke wangu hakuwa na maringo hayo.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo nataka kuandika yote.

Niliwapelekea Mzee Jashvant spika zake. Tukaziingiza sebuleni na Bujiku, tukazipanga pembeni ya kabati la miungu yao, Bujiku akarudi kwake. Mama Hemal, mke wa mzee, akaniletea chai kwenye kikombe cha bati ambacho nakijua sasa kuwa ni changu peke yangu, sababu ya kifua. Simlaumu. Binti yao Hemal akafuta santuri ya filamu ya Kihindi kwa kitambaa, akaiweka.

Nikaongeza sauti, nikakaa kwenye kiti, nikatabasamu. Nilikuwa naona nimemaliza kazi.

Mama Hemal akaivuta ncha ya sari yake akajiziba masikio. Mzee akakunja uso kama mtu aliyeuma ndimu. Midomo yake ikacheza, sikushika neno. Hemal akakimbilia kupunguza.

"Fundi," mzee akarudia kwa nguvu, "umenifungia nini humo? Filimbi ya refa?"

Mimi hasira zangu ni za karibu, kila mtu anajua. Mwezi mzima juu ya hizo spika, kalio limejaa matundu, halafu filimbi ya refa! Nikamwambia, "Mzee, kwa heshima yako. Sauti ndiyo hiyo. Umri umekwenda, masikio yako ndiyo yamechoka. Twita ziko chini, ningepata nguvu zaidi ningeongeza."

Hemal hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Alivua saa yake ya mkononi, ya kujaza ufunguo. Akaisogeza kwenye sikio la baba yake, lakini si karibu, kama shubiri mbali.

"Baba, unasikia?"

"Nasikia. Tiki tiki tiki."

Akaja kwangu. Akaisogeza. Nikangoja. Akaisogeza zaidi, mpaka kioo kikagusa ngozi, kikiwa cha baridi.

"Saa yako imesimama, binti," nikamwambia.

Akanionyesha uso wa saa. Mshale wa sekunde ulikuwa unatembea zake.

Nilibadilisha sikio. Nikabadilisha tena. Mzee Jashvant alikuwa ameangalia sakafu. Nikakumbuka nyenje, nikamkumbuka Mageni nyuma yangu, nikakumbuka mita niliyoipiga kofi. Twita zile zote zilikuwa hai. Mtu mzima nilizisikia zikifa moja baada ya nyingine, na aliyekuwa anakufa ni mimi.

Sikumaliza chai. Nimeogopa, Mungu wangu. Nimeogopa kuliko siku duara liliponifukia mpaka kifuani.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimemuuliza Nesi Philomena habari za masikio yangu kabla hajachoma. Aliiweka sindano kwenye trei.

"Masikio yanalia? Yanapiga mluzi?"

"Mluzi tangu wiki jana. Na kizunguzungu."

"Kwa nini hukusema, Baba Sesilia?"

"Nilidhani twita."

Hakuelewa, na sikumwelewesha. Akasema dawa hii kwa baadhi ya watu inapanda masikioni. Si wote, wengine. Akasema anayeweza kuisimamisha au kuibadilisha ni daktari, na daktari yuko kikazi ng'ambo ya mto, daraja limekatika, magari hayapiti. Yeye nesi hana ruhusa. Aliniangalia akasema tena, "Sina ruhusa, kaka yangu." Kisha akasema kifua nikikiacha nusu mara hii, hakuna dawa nyingine watakayonipa hapa.

Yaani nichague. Nipumue au nisikie. Nikageuza kalio. Sijui hata kwa nini nilikubali, labda kwa sababu nilikuwa nimeshalegeza mkanda.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Sikwenda kuchomwa.

Jumatano, 10 Desemba

Sikwenda.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimegundulika. Asubuhi hizi zote nilikuwa natoka nyumbani kama kawaida, napitiliza kituo, naenda kukaa kibandani mbele ya santuri, nasubiri kile kimkwaruzo cha kidole kwenye waya. Nilijiambia kikirudi, nitajua nimefanya vyema. Hakikurudi. Na leo nimekohoa nikaona damu kwenye kitambaa cha kufutia spika.

Nesi Philomena alikuja mwenyewe kwa miguu, tope magotini, hana mwavuli. Alimkuta Mageni anaanika dagaa chini ya upenu. Nilipofika walikuwa wamekaa wote wawili wananingoja.

Mageni hakunong'ona leo. Alipiga kelele, na hata mimi nilizisikia.

"Nataka mume anayepumua! Unanisikia? Anayepumua!"

"Na huyo mume utamlisha nini? Spika watamletea kiziwi?"

"Nitauza dagaa! Nitauza vitumbua! Nitashona hiyo miavuli yako niiuze! Wewe kaa pale ukutani upumue, basi, sitaki kingine!"

Nikamwambia mtu asiye na kazi ni kama kiti. Akaniambia atakipenda hicho kiti. Kisha akalia, na nesi akalia, na mimi nikatoka nje kwenye mvua nikijifanya naangalia bati.

Jumanne, 16 Desemba

Nimerudi kwenye sindano tangu jana. Nesi alinichoma taratibu, akanifuta kwa pamba. Bora angenitukana.

Jumamosi, 20 Desemba

Mama mkwe katoka Kishapu kwa lori la pumba, kaja na kuku wake mweupe. Kaja pia na mzee wa huko kwao anayempasua kuku na kusoma ndani kilichomziba mtu. Nimekataa mara tatu. Mara ya nne nikaona, ninachopoteza ni nini? Mzee huyo akampasua kuku, akasoma kwa muda mrefu. Alisema mengi akiwa ameinamia matumbo ya kuku. Mageni akaniandikia kwa kidole juu ya vumbi la meza: ANASEMA HAONI KITU.

Angalau ni mkweli. Kuku tumemla.

Alhamisi, 25 Desemba

Kanisani. Kwaya walifungua midomo na kufumba. Nilisimama waliposimama.

Jumatatu, 29 Desemba

Nilizirudisha spika kibandani wiki iliyopita. Siwezi kumwachia mtu filimbi ya refa sebuleni kwake, hata akisema haidhuru. Na leo nimemkalisha Mageni kwenye kiti changu.

"Mimi najua nini?" akasema, au nadhani alisema. Sasa naangalia midomo.

"Hujui kitu. Niambie tu unavyosikia."

Nikarudisha rezista kwenye twita. Nikaweka santuri ya dansi. Mageni akakunja pua.

"Inawasha," akasema. "Kama pilipili kichaa."

Nikaongeza rezista nyingine. Akatikisa kichwa. "Sasa kama mtu anaongea ana uji mdomoni." Nikapunguza. "Inakaribia. Haijakolea." Basi tukaendelea hivyo mpaka wali wa mchana ukaungua nyumbani, yeye na maneno yake ya jikoni, mimi na chuma cha kulehemu. Chumvi imezidi. Imepoa. Ina ukakasi. Nilikuwa naelewa kila neno, hilo limenishangaza. Miaka yote mafundi wa Mwanza wananiambia maneno makubwa ya vitabuni na siwaelewi.

Santuri ikazunguka. Akaweka mkono kifuani.

"Nini? Imefanyaje?"

Nikamshika bega, "Mageni, imefanyaje?"

"Hapo gitaani," akasema polepole ili niione midomo, "kuna kitu kimekwaruza. Kidogo. Kama ukucha kwenye nguo."

Nikamwambia hapo hapo, tuache hapo. Nikafunga kasha, skrubu zote. Nilimwonea wivu mke wangu. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilimpenda na nikamwonea wivu, kwenye kiti changu, na kile kimkwaruzo changu.

Jumanne, 6 Januari 1998

Daktari karudi, wamemvusha kwa mtumbwi. Kanichungulia masikio, kapiga kichuma chake cha kupimia usikivu, kasoma kadi. Kasema sindano zisimame mara moja. Zilikuwa zimebaki za siku chache tu.

Kifua kasema kinaendelea vizuri sana. Alinionyesha dole gumba. Nikamuuliza masikio yatarudi lini. Aliandika kitu kwenye kadi muda mrefu bila kuniangalia, na Nesi Philomena akatoka chumbani.

Jumatano, 7 Januari

Mvua.

Alhamisi, 8 Januari

Nadhani mvua. Karai limejaa.

Jumapili, 18 Januari

Tumezipeleka spika mchana huu, mimi, Mageni na Bujiku. Bujiku siku hizi hanitanii, nami namkumbuka yule wa zamani. Mageni alivaa kitenge cha kanisani. Nilitaka nibaki nyumbani, akakataa katakata. "Kazi ni yako," akasema, "utakaa nayo mpaka mwisho."

Mzee Jashvant alinisalimia kwa mikono miwili. Chai ikaja, na safari hii nilipewa kikombe cha udongo, chenye maua, kama vyao. Nilikiona, nikanywa. Hemal akaniuliza kwa ishara aweke ipi. Nikampa ya kwangu, ya dansi. Nilitaka angalau iwe ninayoijua.

Mwanzoni nilipata mdundo wa besi kwa mbali, kama mtu anatwanga nyumba ya tatu. Nikafumba macho nijitahidi. Na kweli, kidogo kidogo wimbo ukaja. Gitaa la kwanza, la pili likilijibu. Mwimbaji akameza mate akaingia ubeti wa pili. Kiitikio. Halafu lile tarumbeta linaloanza chini kwa woga kisha linapanda, linapanda, na ngoma chini yake. Nikapiga mguu sakafuni. Nikatikisa kichwa. Nilijisahau, nadhani hata niliimba. Miezi hii yote sijajisikia hivyo. Nikawaza, haya, kumbe hayajaenda yote.

Mkono wa Mageni ukanishika goti, ule mguu uliokuwa unapiga.

Nikafumbua macho. Wote walikuwa wananiangalia. Hemal alikuwa amesimama kando ya santuri, na santuri ilikuwa haizunguki. Feni ya juu imesimama. Taa ya amplifaya imezimika. Mama Hemal alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya sari.

"Umeme umekatika," Mageni akasema, polepole, ili niione midomo.

"Saa ngapi?"

Akaanza kukunja ncha ya kitenge chake. Nikamuuliza tena.

"Ubeti wa kwanza haujaisha."

Mzee Jashvant akainuka, akaja, akakiweka kiganja chake juu ya kasha la spika, akasema jambo refu. Nilishika neno moja, baba. Macho yake yalikuwa yamelowa, kwa hiyo nadhani sauti aliyoitaka aliipata, huo muda mfupi ilipokuwepo.

Nikamwambia ziko sawa sasa, mzee, hazitakusumbua. Mama Hemal akaniongeza chai. Tukakaa wote kusubiri umeme urudi.